Barabara Nzima Ilisikia

Nianze na makalio ya Bi Rosalind, maana yote yaliyotokea siku ile yalianzia hapo. Nasema hivyo kwa heshima zote anazostahili, na kwa sasa sizioni nyingi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa niolewe na mwanawe. Gauni lilikuwa linaning'inia kabatini ndani ya karavani yangu, kinyumba cha magurudumu ninachokivuta nyuma ya gari, limevikwa mifuko miwili ya plastiki lisiingiwe na vumbi jekundu la Kimberley, huku kaskazini mwa Australia, na kila jioni Fergus alilipapasa juu ya plastiki na kuniambia, "Siku kumi na moja, mpenzi." Kesho yake, "Siku kumi." Nilikuwa nasisimka kama msichana, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na tisa niliyeendesha lori la matrela matatu kutoka Port Hedland miaka kumi na tano bila kusisimkwa na chochote. Tungefunga ndoa Kununurra, kando ya ziwa, mwisho wa ile barabara ya changarawe inayopita kwenye makorongo. Wazazi wake walitufuata na karavani yao ili, kama alivyosema mama yake, "tufahamiane kwanza." Siku ya pili nilipojaribu kumwita mama, akanitazama juu ya miwani.

"Bi Rosalind inatosha," akasema.

Basi ikawa Bi Rosalind.

Asubuhi ile tulipotoka korongo la Windjana, baba yake Fergus, mzee Clive, aliamka mguu umevimba, haukanyagi breki. Fergus akaenda kuwaendeshea gari lao, mama yake akakaa mbele, mzee akajilaza nyuma. Mimi nikabaki peke yangu kwenye Toyota yangu na karavani yangu nyuma. Kabla hajaondoka Fergus alikuja dirishani. Ana macho ya kahawia, mapole, ya mtu anayekusikiliza hata ukiwa hujasema. Ndiyo yaliyoniponza tangu siku ya kwanza nilipoingia duka lake la dawa kuomba ya kuchua mgongo, akaniuliza maumivu yako wapi, nikasahau.

"Uko sawa, baada ya jana?" akaniuliza.

"Niko sawa."

"Siri yako sasa ni yangu. Usiwe na wasiwasi." Akanibusu kwenye kiganja cha mkono, huku akinitazama, akaenda.

Jana yake tulikuwa tumekaa mchangani, mamba wadogo wa mto wamejilaza ng'ambo wanaota jua, nikamweleza jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilizaa mtoto wa kike. Nilikaa naye siku nne. Siku ya tano nikatia saini, wakaja watu wazuri wakamchukua kumlea, nami nikarudi kwetu nikaambiwa tusilizungumze tena, tukanyamaza miaka ishirini na mbili. Mwezi wa tatu mwaka huu akaniandikia barua. Fergus alilia kuliko mimi. Halafu akasema, "Tusubiri harusi ipite, wazazi wakuzoee, ndipo tuwaambie polepole." Nikakubali. Mtu akikulilia hivyo, utakataaje?

Sasa turudi kwenye makalio.

Kwenye safari zetu hizi kila karavani ina namba imeandikwa nyuma kwa tarakimu kubwa, kumi na nane, ambayo ndiyo chaneli ya redio tunayoongelea wote barabarani. Lori linakuja, mto una maji, ng'ombe kalala njiani, unabonyeza kitufe kwenye kisemeo unasema, na kila mwenye karavani kilomita kumi mbele na nyuma anasikia. Ukiachia kitufe, unawasikia wao. Usipokiachia, husikii mtu, ila wewe unasikika na kila mtu. Ndiyo maana hata mgeni wa wiki moja anajua kwamba kisemeo kinatundikwa kwenye kulabu yake. Hakiwekwi kitini. Kulabu ya gari la mzee Clive ilivunjika kitambo, na mkewe alikuwa amechoka kukiona kinabembea mbele ya magoti yake. Akakiweka kitini. Kisha akakaa.

Nilikuwa nyuma yao kama kilomita moja, kwa sababu ya vumbi. Kwenye barabara ile ukimsogelea mwenzako huoni hata pua ya gari lako. Joto lilikuwa digrii arobaini na moja, barabara imejaa mikunjo kama bati la nyumba, vyombo vyote kwenye karavani vinacheza ngoma. Ghafla redio ikakoroma, na sauti ya Bi Rosalind ikajaa kwenye gari langu kana kwamba amekaa pembeni yangu.

"Thelathini na tisa, Fergus! Thelathini na tisa! Wajukuu nitawapata wapi, nitawaokota korongoni?"

"Mama, tafadhali."

"Na ile mikono. Jana nimemwona kwa macho yangu anakaza nati za gurudumu. Mwanamke wa namna gani yule?"

Ikaja sauti ya mzee Clive kutoka mbali, ya usingizi. "Mwanamke ambaye gurudumu lake halitang'oka."

"Wewe lala na mguu wako!"

Nikacheka, haki ya Mungu. Nikabonyeza changu nikasema, "Bi Rosalind, umekalia kisemeo." Kazi bure, hawanisikii. Nikawasha taa kubwa, nikazima, nikawasha. Taa gani itapenya vumbi lile? Kuwapita sikuweza, na karavani ya tani mbili na nusu nyuma yangu na sijui nani anakuja mbele. Nikasema basi, amenisema mikono, na mikono yangu naijua.

"Sina ubaya naye," Bi Rosalind akaendelea, kwa ile sauti ya watu wenye ubaya. "Nasema tu, mtu wa umri ule hazai. Ukubali hilo kabla hujasaini. Umri wake na maisha yale ya malori, kizazi kimekauka."

"Mama, anaweza kuzaa."

"Wewe ni daktari? Wewe unauza vidonge."

"Najua kwa uhakika."

"Unajuaje?"

Hapo nikakaza usukani. Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, "Fergus, nyamaza."

"Fergus, nakuuliza. Unajuaje?"

"Kwa sababu alishazaa, mama."

Jamani. Niseme nini? Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Nikapiga honi, nikaikandamiza na kiwiko, na mbele yangu ni lile pazia jekundu la vumbi na yeye yuko humo ndani anaeleza. Alieleza yote. Umri wangu, mji, siku nne, saini, barua. Alieleza vizuri, kwa upole, kwa ile sauti aliyonililia nayo. Ungeweza kuniuliza, kwa nini sikuizima redio? Wewe ungezima?

"Kwa hiyo alimtupa," Bi Rosalind akasema.

"Hakumtupa. Alikuwa na miaka kumi na saba. Walimpa watu wamlee."

"Kugawa na kutupa vina tofauti gani?"

Nikangoja. Nilisema, sasa atamjibu. Nilijua hata namna atakavyolisafisha koo kwanza. Nilipita kichuguu kimoja, nikapita kingine, nikapita gurudumu lililopasuka la mtu fulani kando ya njia, na redio inakoroma tu.

"Mwanamke aliyempa mtu mwingine mtoto wa siku nne," mama yake akasema taratibu, "wewe utamwachia wako?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui. Sijawahi kulifikiria hivyo."

Kilichoniua ni hilo. Kutoa siri kuna watu wangekusamehe, ulimi huteleza. Lakini alipoulizwa kama mimi naweza kuachiwa mtoto, mtu aliyelala pembeni yangu akihesabu siku juu ya gauni, alisema hajui.

Bi Rosalind lazima alijiinua kufikia biskuti, maana redio ikakata, na papo hapo sauti nyingine ya mwanaume ikaingia kwa nguvu. "Nyie mlioko mbele! Mmekalia kisemeo! Tunawasikia tangu mtoni, jamani, tangazeni mengine!"

Mwingine akakohoa. Halafu Fergus, kwa sauti ndogo, "Merrin? Merrin, upo?"

Nikazima.

*

Kambi ya Korongo la Tarrant ina nafasi kumi na nne, na siku ile kumi na moja zilikuwa na watu. Unajua ukiingia kambini na karavani, watu hukaa kwenye viti vyao vya kukunja kutazama unavyorudi nyuma, maana hiyo ndiyo sinema ya huku, ndoa nyingi zimetikiswa hapo. Siku ile hakuna aliyenitazama. Watu wazima kumi na tisa walikuwa wanachunguza viatu vyao. Nikarudisha nyuma mara moja tu, nikaegesha sawasawa, na hakuna hata aliyeniambia umefanya vizuri. Hilo nalo liliniudhi.

Mzee mmoja wa Mackay aitwaye Neville akaja kuniwekea kabari kwenye magurudumu, nami sikumwita.

"Sisi redio yetu ni mbovu," akaniambia kabla sijamuuliza. "Haijafanya kazi tangu Broome."

Kwenye gari lake, mlango ukiwa wazi, redio ilikuwa inapiga soga na mtu fulani kuhusu bei ya dizeli.

"Naona," nikamwambia.

Mkewe Dulcie akaja nyuma yake na sahani ya skonzi za moto. Joto la digrii arobaini na moja, mtu ameoka skonzi! Akaniwekea sahani mikononi, akanishika shavu, akaondoka bila neno. Nikasimama na skonzi zangu, hasira imenijaa mpaka masikioni. Nilitunza jambo langu miaka ishirini na mbili, na leo wasionijua wananionea huruma kwa jamu ya zabibu.

Fergus alikuwa ameegesha la wazazi wake upande wa pili wa choo. Alinijia mbio, lakini mama yake alimtangulia, kofia kichwani, uso mwekundu kuliko lile korongo.

"Ungetuambia!" akanifokea. "Ungetuambia kwamba kimebonyezeka! Ulikaa kimya ukasikiliza mazungumzo ya watu!"

Nikamtazama. Kwa kweli nilimtazama vizuri, nione kama anatania.

"Bi Rosalind," nikasema, "umesikilizwa mpaka na ng'ombe."

"Nimedhalilika mbele ya watu wote hawa!"

"Wewe?"

"Sasa wanafikiri mimi ni mtu wa namna gani?"

"Mama," Fergus akasema, "nenda kakae kivulini."

"Siendi kokote mpaka aniombe radhi!"

Nikampa ile sahani ya skonzi. Sikuwa na mahali pengine pa kuiweka. Nikachukua kofia nikateremka zangu kwenye maji.

Njia ya kushuka Tarrant ni ngazi za mawe zinazounguza hata kwenye soli. Chini kuna dimbwi la kijani, kuta zimesimama pande mbili, nyekundu, na ubaridi unakupokea miguuni. Nilivua viatu nikatia miguu. Nilitaka kulia, nikaona sitamlilia mtu aliyesema hajui.

Alinifuata, kama nilivyojua. Akakaa jiwe la jirani, hakuthubutu jiwe langu.

"Nilikuwa nakutetea," akasema.

"Ulinitetea kwa kunivua nguo."

"Alisema huwezi kuzaa. Ningefanyaje?"

"Ungemwambia hayakuhusu, mama. Maneno mawili, Fergus. Mimi nimewaambia hivyo mameneja wa migodi, wakubwa kwa wadogo. Hawaumi."

"Wewe huna mama yangu."

"Ni kweli. Nina wangu, alininyamazisha miaka ishirini na mbili. Nilidhani nimempata mtu ambaye mbele yake naweza kusema. Ulikaa na siri yangu muda gani? Hata supu ingekuwa haijapoa."

Akafunika uso. Ana mikono mizuri, myembamba, na mimi nilikuwa bado naipenda, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Nilitaka kuivuta niiweke shingoni pangu, na nilitaka kumsukuma majini. Vyote kwa pamoja.

"Merrin, nakupenda. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Basi?"

"Basi nijibu leo. Mama yako alikuuliza kama utaniachia mtoto wako. Ukasema hujui. Sasa hivi unajua?"

Akaondoa mikono usoni. Yale macho yakanitazama, mekundu, na nilimwona akitafuta. Haki ya Mungu alikuwa anatafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua mifuko yake mlangoni akitafuta ufunguo.

"Najua," akasema mwisho. "Ndiyo. Ningekuachia."

"Kawaambie."

"Nani?"

"Waliosikia ile 'sijui' yako. Saa kumi na nusu watakaa pale kwenye mduara na vinywaji vyao, kama kila siku. Beba kiti chako, njoo ukae na mimi, useme yale hayakuwa yako kuyasema na mama yako amekosea. Nusu dakika. Kisha umalizie bia yako tuhesabu siku zetu tisa."

Akageuza uso kuelekea kambini. Nilisikia kunguru juu kule ukutani.

"Mbele ya mama?"

"Mama yako ana haya kwa sababu watu wamemsikia. Mimi sijamsikia akisema ana haya kwa alichosema."

"Nipe mpaka asubuhi, Merrin. Nizungumze naye kwanza, nimtayarishe. Ukimwaibisha mama sasa hivi hatakuja kabisa harusini."

"Yeye alipokuuliza siri yangu, hukumwomba mpaka asubuhi."

"Si haki, hiyo."

"Haki!" Nikasimama, maji yakamrukia suruali. "Unanitajia haki! Panda juu, Fergus. Panda kabla sijasema yasiyorudishika."

*

Saa kumi na nusu nilibeba kiti changu.

Mduara ulikuwa kwenye kivuli cha mikaratusi, kila mtu na bia yake imevikwa koti la sponji isipate joto, jibini na biskuti za chumvi kwenye meza ya kukunja, nzi wanafukuzwa kwa kofia. Nilipofika, soga ikakatika. Mtu mmoja akasema haraka, "Basi huyo samaki alikuwa na urefu huu," na hakuna aliyekuwa amezungumzia samaki.

Nilifungua kiti, nikakaa. Halafu nikasimama tena.

"Mlisikia," nikasema. "Msiniambie redio mbovu. Neville, usianze. Mlisikia nina mtoto. Mlisikia kila kitu isipokuwa jina lake, kwa sababu aliyewasimulia hakulitaja, na mama yake hakuuliza. Anaitwa Lowenna. Nilimpa mimi, ni jina la nyanya yangu, na waliomlea hawakulibadilisha. Ana miaka ishirini na mbili, anasomea uuguzi Darwin. Sikumtupa. Nilikuwa mtoto mimi mwenyewe, nikampa mahali penye chakula na watu wazima. Mwenye swali aniulize mimi, nipo hapa. Huruma mrudi nazo kwenye karavani zenu."

Kila mtu akatazama kopo lake. Nikaona nimejiharibia. Kisha nikasikia fimbo kwenye changarawe, na mzee Clive akaja, mguu umefungwa taulo, anaburuta kiti kwa mkono mmoja. Alikiweka karibu na changu, akashusha pumzi, akakaa.

"Nina swali," akasema.

"Uliza, mzee."

"Ana macho ya nani?"

Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maishani.

"Sijui," nikasema. "Siku zile nne alikuwa amelala tu."

Dulcie ndiye aliyeanza kulia, halafu mimi, halafu Neville akajipenga kamasi akisingizia vumbi. Mzee Clive akanipa kopo lake la bia, lilikuwa nusu. Wakaanza kuniuliza. Ameandika nini? Una picha? Utakutana naye wapi? Mama mmoja wa Tasmania akasema yeye naye alikuwa mtoto wa namna hiyo, alilelewa na wengine, alimtafuta mama yake akakuta amezikwa miezi minne nyuma. "Usisubiri harusi ya mtu," akaniambia. "Usisubiri kitu chochote."

Karavani ya wazazi wa Fergus ilionekana kutoka pale kwenye mduara. Fergus alikuwa amesimama mlangoni, kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika fremu. Aliniona. Nilimwona. Nilimwachia nafasi kwa macho yangu, upande wangu wa kushoto, palikuwa pana. Alisimama pale mpaka jibini likaisha na watu wakakunja viti vyao. Hakushuka.

Vitu vyake nilivipanga kwenye boksi, mashati, mashine ya kunyolea, vitabu, nikavipeleka kwenye ngazi ile ile kabla jua halijazama. Alilala kwao, kwenye ile meza ya kulia chakula inayogeuzwa kitanda, mwanaume wa miaka arobaini na moja, magoti kifuani.

*

Asubuhi nilianza kufunga mapema, joto likiwa bado la kuvumilika. Nilishusha karavani kwenye gari kwa jeki yake ndogo ya mbele, nikafunga minyororo, nikachomeka waya wa taa, nikakagua upepo magurudumu yote manne na ya akiba. Kwenye tairi la mwisho viatu vyake vikasimama mbele yangu. Alikuwa hajachana nywele. Hakulala huyo, macho yamemvimba, na moyo wangu ukafanya upumbavu wake kama kawaida.

"Unarudi nyuma?" akauliza.

"Naenda mbele. Kununurra, kisha Darwin. Stesheni ya Kerrow, lile shamba la ng'ombe, wana simu, nitampigia nikifika."

"Lowenna."

"Lowenna."

Lilinigusa kulisikia likitoka kinywani mwake. Akajua limenigusa. Akasogea, akanishika mkono ule ule aliobusu kiganja chake, ulikuwa umejaa grisi, hakujali.

"Nilikosea," akasema. "Jana, kwenye gari, na pale mlangoni. Nilitaka kushuka, Merrin. Miguu ilikataa. Sina cha kujitetea. Lakini nataka kuja. Nataka niwe kwenye gari hilo utakapompigia simu. Harusi iwepo, isiwepo, mama aje, asije. Nipande?"

Nisidanganye. Nilitaka apande. Mlango wa upande wake ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo, naye aliuona. Dulcie, kwenye karavani ya jirani, alikuwa ameacha kufagia.

"Panda," nikasema.

Uso wake ukafunguka kama wa siku ile dukani. Akazunguka mbele ya gari kwa hatua mbili tatu, akashika kitasa, akaufungua mlango, akaweka mguu mmoja ndani, mimi nikiwa tayari nimekaa kwenye usukani.

"Fergus!"

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama anayemwita mtoto mezani. Bi Rosalind alikuwa dirishani kwake na kikombe mkononi, wala hakukasirika, wala hakututazama sisi.

"Fergus, chai yako inapoa."

Akageuka. Sijui alitaka kumjibu nini. Labda alitaka kumwambia kwaheri. Aliurudisha ule mguu ardhini ili ageuke vizuri, akainua kidole kumwonyesha kwamba nakuja mama, sekunde moja.

Niliegemea kiti chake, nikavuta mlango nikaufunga, nikatia gia.